Nakshi, chokaa na moto: kuilinda nyumba ya mawe wakati wa ukarabati

Mtu aliyerithi au kununua nyumba ya mawe katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, akataka kuigeuza hoteli, hujikuta kati ya amri zinazovutana. Wahifadhi wanamwambia asiguse mlango wa nakshi, asibomoe ngazi, asitoboe ukuta. Wazimamoto wanamtaka aweke mlango unaofunguka kwa nje, njia ya pili ya kutokea na maji ya kutosha. Mpambaji naye ana orodha yake: dari ya jipsamu, taa za kufichwa, mapazia mazito, na banda la makuti juu ya paa ili wageni wanywe chai wakitazama bahari. Wote wanastahili kusikilizwa. Tatizo ni kwamba husikilizwa kila mmoja kwa siku yake, na kazi ya huyu inaharibu kazi ya yule.

Mzizi wa mkanganyiko huu ni mazoea ya kuiona kinga ya moto kama kitu cha kuongezwa mwishoni: mitungi myekundu ukutani, vibao vya kijani vya kuonyesha njia, rangi maalumu juu ya mbao. Kwa nyumba za mawe za pwani mambo yako kinyume. Sehemu kubwa ya kinga imo tayari ndani ya kuta na sakafu, imo tangu siku nyumba ilipojengwa, na ni ukarabati wenyewe, hasa mapambo, unaoiondoa kidogo kidogo bila mtu kutambua.

Kinga iliyomo ukutani

Tuanze na jinsi nyumba yenyewe ilivyo. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na mara nyingi unene wake ni nusu mita au zaidi. Sakafu ya ghorofa imelala juu ya boriti za mikoko. Boriti hizo ni fupi, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba, karibu mita 3 kwa upana, hata pale vinapokuwa virefu kama ukumbi. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha humwagwa mchanganyiko wa chokaa na vijiwe na kushindiliwa kwa vijiti mpaka ukawa mgumu. Sakafu ya namna hiyo huweza kuzidi sentimita 30 kwa unene.

Sasa uwashe moto katika chumba kama hicho. Mawe na chokaa haviwaki. Boriti zinawaka, lakini taratibu. Miti migumu huungua kwenda ndani kwa kasi ya karibu nusu milimita kwa dakika, na makaa yanayojitengeneza nje hukinga kiini kisipate joto haraka. Boriti yenye kipenyo cha sentimita 12, ikiungua nusu saa kila upande, hubaki na kiini cha karibu sentimita 9. Ukipiga hesabu ya uwezo wa kubeba mzigo bila kuvunjika, kiini hicho bado kina karibu asilimia 40 ya nguvu ya boriti nzima. Nusu saa inatosha kuwatoa watu waliolala ghorofa ya juu, ikiwa wameamshwa mapema.

Linganisha na chuma. Chuma cha ujenzi hakiwaki, lakini kikifika nyuzi joto 550 hivi kinakuwa kimepoteza karibu nusu ya nguvu yake, na boriti ya chuma iliyoachwa wazi huweza kufika huko kabla nusu saa haijaisha. Kwa hiyo fundi anayetoa boriti za mikoko nzima na kuweka za chuma kwa jina la usalama, kisha akaziacha wazi au akazificha nyuma ya ubao mwembamba, ameidhoofisha nyumba. Boriti iliyooza inapaswa kubadilishwa, hilo halina mjadala. Iliyo nzima iachwe ilipo, na chuma kikilazimika kuingia kifunikwe kwa lipu nene au ubao unaostahimili moto.

Mawe nayo yana udhaifu wake. Chokaa cha kujengea hupatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuri, na moto mkubwa unaodumu chumbani hufanya jambo lilelile ukutani. Joto likizidi nyuzi 800, uso wa jiwe huanza kugeuka chokaa kibichi. Wazimamoto wakimwaga maji, chokaa hicho hufura na kubambuka. Majengo yenye nguzo za chuma cha kalibu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa, kama jumba la Beit al-Ajaib aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, yana hatari nyingine: chuma cha aina hiyo kikiwa na moto mkali kisha kikapigwa maji baridi ghafla kinaweza kupasuka. Haya wazimamoto wanapaswa kuyajua kabla ya siku ya moto, na wa kuwaambia ni wale wenye michoro ya jengo.

Matundu

Moto hauhitaji mlango. Unahitaji tundu, na ukarabati wa mjini ni kazi ya kutoboa. Fundi bomba anatoboa sakafu apitishe mabomba ya vyoo vipya, fundi umeme anatoboa apitishe nyaya, wa viyoyozi anatoboa ukuta apitishe mabomba ya gesi. Kila tundu huachwa kubwa kuliko bomba lililopita, na nafasi inayobaki inazibwa kwa gazeti, kwa povu la kopo, au haizibwi kabisa. Sakafu ya sentimita 30 iliyokuwa inautenga moto chini sasa ina bomba la moshi katika kila kona.

Chuo cha sanaa cha Glasgow, Uskoti, kilichokuwa katika jengo mashuhuri la mbunifu Charles Rennie Mackintosh, kinaonyesha jambo hili vizuri kuliko mfano wowote ninaoujua. Mwaka 2014 moto mdogo ulianza kwenye chumba cha chini, gesi ya povu la kutanuka ilipokutana na joto la projekta. Ungeweza kuzimwa palepale, lakini kuta zilikuwa na mifereji ya zamani ya kupitishia hewa, na moto ukaipanda hadi juu kwa dakika chache. Mfumo wa kunyunyiza ukungu wa maji ulikuwa umeshaanza kufungwa, haujakamilika. Mwaka 2018, kazi ya kulirejesha jengo ikiwa imesonga mbele sana, likaungua tena, mara hii karibu lote.

Mji Mkongwe una mifereji yake ya hewa. Ua wa katikati ya nyumba, ambao vyumba vyote vinaelekea kwake, ulijengwa wazi juu ili joto na moshi wa jikoni vitoke. Mwenye hoteli akiufunika kwa plastiki ngumu inayopitisha mwanga ili mvua isiingie, moshi wa chumba kimoja unarudi kwenye varanda zote. Dari ya jipsamu nayo, ikining'inizwa chini ya boriti, inaacha uwazi ambamo nyaya zinapita na moto unatembea bila kuonekana. Ubao wa jipsamu wenyewe unastahimili moto vizuri. Hatari ni uwazi ulio juu yake pale unapoachwa uunganishe vyumba vitano badala ya kukatwa kwa kizuizi juu ya kila ukuta.

Kazi ya kuziba matundu haina sifa. Hakuna mgeni atakayeipiga picha. Ndoo ya chokaa na mchanga, fundi mvumilivu na siku chache za kupita chumba hadi chumba zinaikamilisha, na kwa maoni yangu hakuna fedha ya kinga ya moto inayorudisha faida kubwa kuliko hii.

Rangi

Hapa ndipo mpambaji na mzimamoto wanapogombana zaidi, na ndipo wote wawili hukosea.

Lipu ya chokaa iliyopakwa chokaa cheupe haiwaki, na unyevu unapita ndani yake ukatoka. Ukuta uliopakwa rangi ya mafuta mara sita au saba kwa miaka 40 ni kitu kingine. Tabaka zile zikipata joto huachana na ukuta, hutoa mvuke unaowaka, na mwali hukimbia juu ya uso wa ukuta kuelekea ngazini, ambako ndiko watu wanakokimbilia. Kwa hiyo ngazi na njia za kupita ndiko kwa kuanzia kuondoa rangi za zamani. Ziondolewe kwa dawa ya kubandua au kwa kukwangua ukiwa umelowesha, kamwe si kwa moto wa tochi. Msasa mkavu nao hatari, kwa sababu rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa.

Saruji ni kosa la namna nyingine. Mafundi wengi hupenda kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe kwa sababu inakauka haraka na inaonekana safi. Saruji haiachi unyevu utoke. Chumvi ya bahari iliyomo ndani ya mawe inajikusanya nyuma ya lipu, jiwe linageuka unga, na ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza. Baada ya miaka kadhaa sakafu inayotegemea ncha hizo haina nguvu ya kusubiri moto wa nusu saa. Inaweza kuanguka bila moto wowote.

Halafu kuna zile dawa na rangi zinazouzwa kuwa zinazuia moto. Ziko za aina kuu mbili. Ya kwanza ni chumvi, kama za borati au fosfati, zinazonyonywa na mbao. Zinafanya kazi kwenye mbao mpya zilizotibiwa kiwandani na kuwekwa mahali pakavu. Katika hewa ya bahari ya Forodhani chumvi hizo huvuta unyevu, hutoka juu ya mbao kama ukungu mweupe, na baadhi yake hula misumari na shaba. Ya pili ni rangi au vanishi inayofura. Ikipata joto la nyuzi 200 na zaidi hivi, inavimba na kuwa povu jeusi nene linaloikinga mbao au chuma kilicho chini. Hii ni dawa nzuri kwa chuma kipya na mbao mpya za ndani. Lakini ina masharti: lazima ipakwe kwa unene uliopimwa, juu ya uso uliosafishwa, na isipakwe rangi nyingine ya kawaida juu yake bila kuuliza mtengenezaji. Juu ya nakshi inafukia mistari midogo ambayo mchongaji aliitoa kwa ncha ya patasi, na kuibandua baadaye bila kuumiza mbao ni kazi ngumu sana.

Mlango

Simama mbele ya mlango wa nakshi na uutazame kama mzimamoto. Mbao ni za msaji au mfenesi, nene, nzito. Mbao hizo peke yake zingezuia moto kwa muda mzuri. Udhaifu uko kwenye nafasi kati ya ubao na fremu, ambako kidole kinaweza kupita, na mahali pale mbao mbili zinapokutana kwenye mfaa, ule mwimo wa katikati. Kizingiti kiko juu, mtu anayekimbia gizani anajikwaa. Na mbao zote mbili zinafunguka kwa ndani, maana yake watu 50 wakisukumana kutoka, wanaufunga mlango wanaojaribu kuufungua.

Ukitaka kuufanya mlango huo utimize masharti ya zimamoto, utabadilisha bawaba, utakata kizingiti, utapigilia mipira pembeni, utaupaka rangi inayofura, na mwisho utakuwa na mlango wa kawaida wenye makovu. Njia bora ni kuuondolea wajibu. Mlango wa nakshi ubaki ulipo na uzuiwe ukiwa wazi muda wote hoteli inapokuwa na wageni. Ndani yake, mita chache nyuma ya ukumbi wa kuingilia, uwekwe mlango mpya usio na mapambo, unaofunguka kuelekea nje, unaojifunga wenyewe, wenye mkanda unaofura kwenye kingo zake. Huo ndio utakaobishana na moto. Ukiharibika unabadilishwa, na hakuna aliyepoteza kitu. Kanuni hii inafaa pia kwa roshani zilizochongwa kama zile za Zahanati ya Zamani ya Tharia Topan pale ufukweni, iliyokarabatiwa miaka ya 1990: kinga iwekwe kwenye chumba kilicho nyuma ya roshani, mbao za roshani ziachwe na mafuta yake.

Wakati wa hatari kubwa

Majengo mengi ya kale hayaungui katika karne zake za kukaa kimya. Yanaungua mafundi wakiwa ndani. Jumba la Uppark huko Uingereza liliungua tarehe 30 Agosti 1989, mafundi wa mabati ya risasi ya paa wakiwa wametumia tochi za moto, kazi ikikaribia kwisha. Kasri la Windsor liliungua Novemba 1992 wakati wa ukarabati, taa ilipoligusa pazia, na vyumba 115 vikaharibika. Notre-Dame ya Paris iliungua tarehe 15 Aprili 2019 ikiwa imezungukwa na jukwaa la mafundi. Soko la zamani la hisa la Copenhagen, la karne ya 17, liliungua tarehe 16 Aprili 2024 likiwa katika hali ileile.

Sababu si uzembe peke yake. Wakati wa ukarabati nyumba imevuliwa: lipu imetolewa, boriti ziko wazi, milango ya ndani imeng'olewa, king'ora kimezimwa kwa sababu vumbi linakipigisha kelele. Wakati huohuo vinaingia vitu vinavyowaka ambavyo havitakuwepo baadaye: makopo ya tina ya kuyeyushia rangi na vanishi, marundo ya vumbi la mbao, maturubai, umeme wa muda uliounganishwa kwa nyaya za kuviringwa kwenye msumari. Beit al-Ajaib haikuungua, lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafa. Jengo lililofunguliwa ni jengo dhaifu, adui awe moto au uzito wake lenyewe.

Kwa hiyo kinga ya kipindi hiki ipangwe kabla ya fundi wa kwanza kuingia. Kuchomelea na kukata chuma kwa grinda kufanyike nje, kwenye ua au barabarani, na vipande viingizwe vikiwa tayari. Ikilazimika kuchomelea ndani, iwe kwa ruhusa ya maandishi ya siku hiyo, mbao za karibu ziloweshwe au zifunikwe, na mtu abaki akitazama angalau saa nzima baada ya cheche ya mwisho, kwa sababu cheche iliyoingia kwenye vumbi nyuma ya boriti hufuka kimya muda mrefu kabla ya kuonyesha mwali. Kazi ya moto isimame mapema alasiri. Tina na vanishi zisilale ndani. Matambara yaliyofutiwa mafuta ya kitani yaloweshwe maji na kutandazwa nje, maana yakikunjwa na kurundikwa yanaweza kuwaka yenyewe.

Maji na vichochoro

Gari la zimamoto haliingii kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, na Lamu nako ni hivyohivyo. Hatuwezi kubomoa mji ili gari lipite. Inabaki kuleta maji karibu: mabomba ya kuunganishia mipira kwenye viwanja na njia panda, pampu ndogo za kusukumwa kwa mkono hadi mlangoni, na mipira mirefu iliyojaribiwa kwa kweli, kutoka barabara kubwa hadi nyumba ya ndani kabisa.

Ndani ya nyumba, mfumo wa kunyunyiza ukungu wa maji unatumia maji machache kuliko ule wa matone makubwa, na hilo ni jambo kubwa kwa dari za chokaa na samani za kale. Notre-Dame ilipofunguliwa tena Desemba 2024, paa lake jipya la mialoni lilikuwa limewekewa mfumo wa namna hiyo na kugawanywa kwa kuta za kuzuia moto. Kwa Zanzibar swali la kwanza ni mahali pa kuweka tangi. Lita 10,000 za maji ni tani 10. Tangi hilo likipandishwa juu ya paa lililobebwa na boriti za miaka 130, linaweza kuiua nyumba kabla ya moto. Liwekwe chini, na pampu yenye chanzo chake cha umeme. Nyumba nyingi zina kisima au birika la zamani lililofukiwa takataka. Likisafishwa, tangi linakuwa limeshapatikana.

Makuti juu ya paa sikubaliani nayo, na nalisema waziwazi. Jiko la gesi, mitungi, mishumaa ya meza na makuti makavu juu ya ngazi moja nyembamba ni mpangilio usiorekebishika kwa dawa yoyote ya kupulizwa, kwani mvua huiosha. Kuna mahali ambapo makuti au nyasi ndiyo urithi wenyewe. Makaburi ya Kasubi mjini Kampala, nyumba kuu ya nyasi na matete iliyojengwa mwaka 1882, yaliungua tarehe 16 Machi 2010, na UNESCO ikayaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini hadi 2023. Hapo kubadilisha nyasi kwa bati kungekuwa kuua kile kinacholindwa, kwa hiyo jitihada zilielekezwa kwenye kujenga upya kwa ufundi wa asili pamoja na vifaa vya kugundua na kuzima moto. Paa la chokaa la Mji Mkongwe halina haja hiyo. Makuti juu yake ni pambo la juzi.

Wasio na hoteli

Nyingi ya nyumba hizi si hoteli. Ni za wakfu, za serikali, au za warithi wengi, na ndani yake familia tatu au nne zimegawana vyumba kwa plaiwudi, kila moja na jiko lake la mkaa au mtungi wa gesi, zote kwenye swichi kuu moja ya zamani. Mpango wowote wa kuendeleza mji usiowafikia hawa unazilinda nyumba chache na kuacha moto uanzie kwa jirani, na ukuta wa jirani ni ukuta wako.

Fedha zikiwa kidogo, ningezitumia kwa mpangilio huu. Kwanza swichi kuu mpya inayojikata yenyewe na nyaya za jikoni, zipite juu ya ukuta ndani ya mifereji ya plastiki badala ya kuchimbiwa kwenye matumbawe. Pili vitambua moshi vya betri, kimoja kila varanda. Tatu kuziba matundu kwa chokaa. Nne kuhamishia majiko kwenye ua ulio wazi, kama yalivyokuwa zamani, mitungi ya gesi ikiwa nje ya njia ya ngazi. Plaiwudi ya karibu na ngazi ibadilishwe kwa ubao wa jipsamu uliokaza hadi kwenye sakafu ya juu. Kazi hizi hazigusi nakshi hata moja, na nyingi ni za fundi wa kawaida wa mtaani. Kibali kinachohitajika kiombwe mapema kwa mamlaka ya hifadhi ya Mji Mkongwe, na Kikosi cha Zimamoto na Uokozi waitwe waione nyumba kabla lipu haijafunika kitu, wakati bado wanaweza kuona boriti zinakopita.